Zumu au mwanga: kisa cha mwandishi wa mkoani na kamera mbili ndogo

Usuli

Tutamwita Bi. R., ingawa hiyo si herufi ya jina lake. Ni mwandishi wa habari wa kujitegemea katika mji mmoja wa kusini mwa Tanzania, kwenye ukanda wa korosho. Hana mshahara. Gazeti na tovuti anazoziandikia ziko Dar es Salaam, na zinamlipa kwa kila habari iliyotoka. Habari iliyokwenda na picha inayofaa humwingizia zaidi kuliko habari tupu. Jina la mji, la vyombo vyake na la duka alikonunua nimeyaondoa, pamoja na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha. Amelisoma andiko hili na kuridhia litoke.

Kwa muda mrefu alifanya kazi kwa simu. Simu yenyewe haikuwa mbaya: mchana, nje, watu wakiwa wametulia, picha zake zilikuwa safi na zilitoka gazetini. Baadaye wahariri walianza kuzikataa, kisha wakaacha hata kumwambia kwamba wamezikataa. Habari inatoka na jina lake, picha ni ya maktaba. Pigo hilo lina pande mbili, mfuko na heshima, na nimeliona likiwapata wengi. Sehemu kubwa ya habari tunazosoma kutoka wilayani huletwa na watu kama Bi. R., kwa vifaa walivyojinunulia wenyewe, na kosa la kununua kifaa wanalilipa kwa miezi. Ndiyo sababu naona inafaa kukieleza kisa hiki kwa kirefu.

Fedha ya kamera ilikuwa mkopo wa kikoba, wenye marejesho ya kila mwezi. Ilitosha kamera moja iliyotumika, memori kadi na betri ya akiba, basi. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi aliikataa mapema, na nadhani alikuwa sahihi. Anasafiri kwa bodaboda, yuko peke yake, mkononi ana daftari na simu ya kurekodia. Mwili wa kamera kubwa ungepatikana kwa bei ileile, lakini lenzi inayokuja nayo kwa kawaida haina mwanga wa kutosha, na ile yenye mwanga ingehitaji mkopo mwingine.

Alibaki na kompakti, yaani kamera ndogo ya lenzi isiyobadilishwa, na kompakti siku hizi si ile tuliyoizoea. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za dijitali takriban milioni 121, nyingi zikiwa ndogo za mfukoni. Simu zikalimeza soko lile. Zilizobaki na maana kwa mtu mwenye simu nzuri ni zile zenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hasa zinazoitwa za inchi 1. Jina hilo ni la kibiashara tu. Sensa yenyewe ina milimita 13.2 kwa 8.8, lakini hata hivyo eneo lake ni kama mara nne ya lile la sensa ya kompakti ya kawaida ya zamani.

Kamera zilizokuwa mezani

Duka moja la vifaa vilivyotumika lilikuwa nazo mbili, bei zikikaribiana.

Ya kwanza ni Sony RX100 III, ya mwaka 2014. Megapikseli 20.1, lenzi ya 24-70 (kwa kipimo cha filamu ya 35 mm; namba ndogo huona upana, kubwa huvuta mbali), uwazi wa f/1.8 ikiwa pana na f/2.8 ikivutwa hadi mwisho. Namba hii ya f ikiwa ndogo, lenzi hupitisha mwanga mwingi zaidi. Uzito gramu 290. Ina kijicho cha kuchungulia kinachochomoza juu, na skrini inayopinda. Video yake inaishia Full HD.

Ya pili ni Panasonic TZ100, ya mwaka 2016. Huko Marekani inaitwa ZS100 na Japani TX1, jambo la kukumbuka unapotafuta betri au maelekezo. Megapikseli 20.1 vilevile, sensa ya ukubwa uleule, gramu 312. Lenzi yake ni 25-250, yaani zumu ya mara kumi, uwazi ukianzia f/2.8 na kuishia f/5.9. Skrini haipindi, lakini inaguswa. Video yake ni 4K.

Kwenye karatasi ya sifa, Panasonic inashinda karibu kila mstari: ni mpya zaidi kwa miaka miwili, inavuta mbali zaidi, na video yake ni kubwa zaidi. Zilipotoka zikiwa mpya Sony iliuzwa takriban dola 800 na Panasonic dola 700, kwa hiyo hata bei haikumpa mtu dokezo la kueleweka. Mstari mmoja mzito ndio uliokuwa kinyume, ule wa uwazi wa lenzi, na huo wanunuzi wengi huuruka kwa sababu namba ndogo huonekana kama upungufu.

Kilichotokea

Bi. R. alikwenda Dar es Salaam akiwa ameshaamua nusu. Rafiki yake mpiga picha wa harusi alimwambia achukue yenye zumu, na muuzaji akamalizia: "Dada yangu, hii inavuta mara kumi, ile mara tatu tu, na bei ni hiyohiyo. Hapo unafikiria nini tena?" Akaomba apewe muda hadi kesho yake, akanipigia.

"Mwalimu, nichukue ipi?"

Mimi huwafundisha waandishi wa mikoani picha za habari, na swali hilo huletwa na kila darasa. Sikumjibu kwa jina la kamera. Nilimwomba afungue kompyuta yake jioni ile, atoe picha zote alizotuma katika msimu uliopita ambazo hazikutumika, azigawe kwa sababu moja tu: kwa nini mhariri hakuitumia hii?

Akatengeneza mafungu. Lililokuwa kubwa kabisa lilikuwa la picha za ndani: kikao cha baraza la madiwani, mikutano ya chama cha ushirika ghalani, mafunzo ya wauguzi, mahafali yaliyofanyika darasani. Fungu la pili lilikuwa la picha zilizokuwa nzuri kwenye simu yake lakini zilifika zimechoka. La tatu la mbali: mpira wa miguu, kiongozi jukwaani. La nne lilikuwa mchanganyiko, mathalani picha iliyochelewa au isiyo na maelezo ya nani ni nani.

Kuna picha moja alinitumia katika fungu la kwanza ambayo inaeleza mengi. Mhazini wa chama cha ushirika amesimama ghalani, nyuma yake magunia, daftari la mahesabu limefunguliwa mkononi, anaonyesha kwa kidole mstari ambao wakulima walikuwa wanaulalamikia. Habari yenyewe ilikuwa nzito. Mwanga pekee unatoka mlangoni, upande wa kushoto. Uso wake umekuwa na chengachenga za rangi kama mchanga, na ule mkono wenye kidole, ambao ndio habari, umekuwa ukungu. Taarifa za ndani za faili zilionyesha simu ilikuwa imefungua kwa 1/15 ya sekunde. Kwa kasi hiyo hata mtu anayepumua tu huharibika, sembuse anayegombana na mahesabu.

Fungu la pili lilitushtua wote wawili, maana halikuhusu kamera kabisa. Alikuwa akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na WhatsApp huzipunguza ukubwa na kuzikandamiza. Mhariri alipojaribu kukata sehemu ya picha ili aiweke ukurasani, haikubaki kitu. Dawa yake haigharimu shilingi: tuma faili kama hati badala ya kama picha, au kwa barua pepe. Chaguo la HD ambalo WhatsApp iliongeza mwaka 2023 linasaidia kidogo, lakini hati ndiyo inayofikisha faili lote kama lilivyo. Yaani sehemu nzima ya tatizo lililokuwa linampeleka dukani ilikwisha kabla hajalala.

Kesho yake alirudi dukani na jaribio moja. Aliomba kamera zote mbili ziwekewe betri, akaingia stoo ya nyuma ambako kulikuwa na taa moja ya mrija, akamwomba kijana wa duka asimame karibu na rafu na apungie mkono ulioshika kikokotoo. Kamera zote ziliwekwa ISO 1600 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), lenzi ikiwa pana, flashi imezimwa. Sony ilisoma 1/60 ya sekunde kwa f/1.8. Panasonic ilisoma 1/25 kwa f/2.8. Akapiga kwa kila moja, akakuza kwenye skrini. Kwenye picha ya kwanza namba za kikokotoo zilikuwa na ukungu kidogo lakini zinasomeka. Kwenye ya pili mkono ulikuwa mstari wa rangi ya kahawia.

Akarudia akiwa amevuta kidogo, umbali wa kupata uso na mabega. Hapo tofauti haikupungua. Lenzi ya Sony ikivutwa hadi 70 inabaki f/2.8. Ile ya Panasonic hupunguza uwazi haraka kadiri unavyovuta, na kwa uso na mabega ilikuwa imeshapita f/4.

Jambo la mwisho dukani lilikuwa la bahati. RX100 III ya kwanza aliyopewa ilikuwa na menyu ya Kijapani tupu. Vifaa vilivyotumika vinavyoingia kutoka Japani ni vingi katika maduka yetu, na kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani huwa hazina chaguo la lugha nyingine. Haibadilishwi kwenye mipangilio. Muuzaji alimwambia atazoea. Akaomba nyingine, ikapatikana yenye Kiingereza ikiwa na mikwaruzo zaidi mwilini, akachukua hiyo. Kabla ya kulipa alipiga picha ya anga kupitia mlangoni kwa f/11, uwazi mdogo kabisa wa lenzi ile, ili kuona kama kuna madoa ya vumbi kwenye sensa. Palikuwa safi.

Uamuzi na sababu zake

Alinunua Sony. Sababu ya kwanza ni hesabu ya mwanga. Kati ya f/1.8 na f/2.8 kuna tofauti ya mwanga wa karibu mara 2.4, na ndiyo ile 1/60 dhidi ya 1/25 aliyoiona stoo. Tena pale lenzi ya Sony inapoishia, f/2.8 kwenye 70, ndipo ya Panasonic inapoanzia. Kwa kuwa sensa ni za ukubwa uleule, hakuna kitu kingine ndani ya kamera cha kufidia pengo hilo isipokuwa kupandisha ISO, na kupandisha ISO ndiko kunakoleta chengachenga zilizomharibia picha ya mhazini.

Sababu ya pili ni umbali wake halisi wa kazi. Tulipoangalia picha zilizokuwa zimetoka gazetini, karibu zote zilipigwa kutoka hatua chache: mtu anazungumza, watu wanapokea, wakulima wamezunguka mizani. 24 hadi 70 inazibeba zote.

Sababu ya tatu ilihusu lile fungu la mbali, na hapa alifanya hesabu ambayo ningependa kila mnunuzi aifanye. 250 gawanya kwa 70 ni kama 3.6, na picha hupungua hivyo kwa upana na kwa urefu pia. Ukipiga kwa 70 kisha ukakata picha ili ionekane kama 250, megapikseli 20.1 zinabaki karibu 1.6, picha ya pikseli kama 1,530 kwa upana. Kwa tovuti inatosha. Gazetini, kwa nukta 200 kwa inchi, ni upana wa sentimita 19 hivi. Si picha ya kujivunia, lakini katika jua la saa kumi jioni, ISO ikiwa chini, inaweza kupita. Kwa maneno mengine, umbali ulikuwa na njia ya dharura ya kuukwepa. Giza halikuwa na njia hiyo, maana mkono uliokwisha kuwa ukungu haurudishwi na programu yoyote.

4K aliiweka kando bila majuto. Tovuti yake haikuwahi kuomba zaidi ya Full HD, na bando la kupakia faili za 4K kutoka wilayani ni gharama ambayo hakuna anayemrudishia.

Betri nayo ilihesabiwa. Kwa kipimo cha kiwanda zote zinapiga takriban picha 300 kwa chaji, na zote huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo pawabanki yake inafaa. Ila NP-BX1 ya Sony imetumika katika mfululizo wote wa RX100, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kupata ya akiba.

Matokeo

Picha za ndani zilianza kutoka, tena mapema. Ya kwanza ilikuwa ya kikao cha madiwani, diwani mmoja amesimama akipinga hoja, mikono yote miwili hewani, nyuma yake wenzake wawili wanatazamana. Ilikwenda kwa upana wa nusu ukurasa. Mhariri alimwandikia kumuuliza kama amepata mpiga picha.

Kabla ya kufika hapo palikuwa na wiki za kuhangaika. Nilimwelekeza ukumbini atumie hali ya S, ambamo mpiga picha ndiye anayechagua kasi, aweke 1/100, ISO iachiwe kamera. 1/100 ina sababu zake mbili: inatosha kumtuliza mtu anayezungumza kwa mikono, na inaendana na umeme wetu wa hezi 50, ambao hufanya taa za mrija zipepese mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi isiyolingana nao, picha moja inatoka njano na inayofuata kijani. Maelekezo hayo yalifaa sana ndani. Kisha akatoka nje na mgeni rasmi kupanda mti, kasi ikiwa bado 1/100, jua la saa saba. Kwa ISO 125 na f/11, ambako lenzi haiwezi tena kujifunga, mwanga bado ulizidi. Nyuso zote zilikuwa nyeupe kama zilizopakwa unga, na mti hupandwa mara moja. Suluhisho lilikuwa ndani ya kamera muda wote: kwenye gurudumu la juu kuna alama ya MR, inayohifadhi mipangilio ya kukumbukwa. Nambari moja sasa ni ya ukumbi, 1/100. Nambari mbili ni ya juani, 1/1000. Anageuza akiwa anavuka kizingiti.

Mpira umebaki nusu kwa nusu. Hesabu ya kukata picha ilikuwa sahihi kwa tovuti, ikapwaya gazetini, kwa sababu mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja hukimbia huku fokasi ikimtafuta akiwa kadoa. Bi. R. akabadilisha mahali badala ya kamera. Anakaa nyuma ya goli, anapiga kona, purukushani za kwenye boksi, na shangwe. Mchezo wa katikati ya uwanja ameuacha.

Alikosa picha moja kubwa. Waziri alifanya mkutano wa hadhara, jukwaa likawekwa mbali na kamba, waandishi wakazuiwa nyuma yake. Kwa 70 waziri alikuwa kijiti. Aliomba picha kwa mwenzake mwenye kamera kubwa, ikatoka kwa jina la mwenzake, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mkopo wa kikoba ameumaliza kwa wakati.

Uchambuzi: kilichofaa

Jambo lililobeba kisa chote ni mafungu ya picha zilizokataliwa. Ukimuuliza mtu anahitaji nini kwenye kamera atakutajia anachokitamani, na kwa mwandishi kinachouma zaidi ni ile picha moja kubwa iliyomponyoka kwa mbali. Inakumbukwa kwa sababu ilikuwa tukio. Picha za ukumbini zinazokataliwa kila wiki hazikumbukwi, ni utaratibu tu, lakini ndizo zilizokuwa zinakula kipato chake. Faili hazina upendeleo huo: kila moja ina kasi ya shata, ISO na saa iliyopigwa. Tahadhari moja: soma faili za asili kwenye simu au kompyuta, si zile zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida, maana hizo huwa zimevuliwa taarifa hizo.

Jaribio la stoo nalo lilikuwa bora kuliko nilivyomwelekeza, na wazo la kikokotoo ni lake. Watu wengi hujaribu kamera mlangoni mwa duka, wakielekea barabarani, kwenye mwanga ambao hata simu ya bei nafuu inafanya vizuri. Hapo zumu huonekana muujiza, unavuta hadi namba ya daladala iliyoko mbali, na uwazi wa lenzi hauonekani kuwa na kazi. Muuzaji hadanganyi akikuonyesha hivyo. Anakuonyesha kamera pale inapong'aa. Kazi ya mnunuzi ni kuipeleka pale yeye anapoteseka, na kwa Bi. R. hapo palikuwa mahali penye taa moja na mtu asiyetulia. Kuweka ISO sawa kwenye kamera zote mbili kulikuwa muhimu vilevile. Angeziacha zijipangie, Panasonic ingeweza kupandisha ISO na kuficha tofauti hadi afike nyumbani.

Kukataa kamera yenye menyu ya Kijapani kulikuwa uamuzi mzuri kuliko unavyoonekana. Fikiria kutafuta MR, kasi na ISO kwa maandishi usiyoyasoma, huku mgeni rasmi anatembea.

Uchambuzi: kilichokwama

Sauti haikuulizwa kabisa. Tovuti ilianza kutaka video fupi za mahojiano, na RX100 III haina tundu la maikrofoni. TZ100 nayo haina, kwa hiyo chaguo jingine lisingemwokoa, lakini swali hilo lingepaswa kuwepo mezani, maana lingeweza kuleta kamera ya tatu. Sasa anarekodi mahojiano kwa simu na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, na kamera inabaki ya picha. Inafanya kazi, ila anabeba vifaa viwili ambavyo alitarajia viwe kimoja.

Kingine ni muonekano, na hili linaniuma kwa niaba ya wengi. Uwanjani na kwenye mikutano, wasimamizi wa mlango humtambua mwandishi kwa ukubwa wa kamera. Mwenye lenzi ndefu anapita, mwenye kamera inayoingia kwenye mfuko wa sketi anaulizwa ametokea wapi, na akiwa mwanamke anaulizwa mara mbili. Sasa huvaa kitambulisho shingoni tangu anaposhuka kwenye bodaboda, na hufika mapema kujitambulisha kwa afisa habari. Upande wa pili wa jambo hilohilo umemfaa: ghalani na zahanati watu hawakakamai mbele yake. Mhazini yuleyule, mwaka uliofuata, alizungumza kwa dakika kadhaa kamera ikiwa wazi bila kujiweka sawa hata mara moja.

La tatu ni vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia huvuta hewa kila inaponyooka, na maghala ya korosho yana vumbi la kutosha. Hii ni hali ya kompakti zote zenye zumu ya namna hiyo, na kadiri lenzi inavyonyooka zaidi ndivyo hewa inavyoingia zaidi. Sensa haifikiki bila kufungua mwili wa kamera. Kwenye mpango wa ununuzi hapakuwa na fungu la mfuko wa kuihifadhi wala la matengenezo, ingawa la betri lilikuwepo. Kwa sasa anaibeba ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, anaiwasha akiwa tayari kupiga, na kila baada ya wiki kadhaa anapiga tena ile picha ya anga kwa f/11.

Mezani palepale, jibu jingine

Mwenzake mmoja wa mkoa wa jirani alisikia njia hii akaifuata bila hata kunipigia. Yeye anaripoti michezo, na mara chache sana huingia ukumbini. Mafungu yake yalitoka tofauti kabisa: picha zilizokataliwa karibu zote zilikuwa za mbali, zilizopigwa kwenye jua. Alinunua TZ100, na kwa kazi yake ndiyo iliyofaa. Akiwa kwenye 250 na f/5.9, jua la saa kumi linampa kasi ya kutosha kumsimamisha mshambuliaji hewani bila kupandisha ISO sana. Mechi zikichelewa kuanza ndipo anapobanwa. Kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hivi huacha kuvuta, anasogea karibu na benchi la wachezaji wa akiba, na kupiga kwa upana hadi filimbi ya mwisho.